Nguvu ya Jua Hupungua Njiani

Mkulima, nguvu uinuayo nayo jembe yatoka katika jua. Jani la muhindi hukamata mwanga, likafanya chakula kwa maji na hewa. Hakuna mnyama awezaye kazi hiyo; ng'ombe hungoja jani, na simba hungoja alaye jani.

Lakini nguvu hiyo haifiki yote. Chakula cha ng'ombe kwa sehemu kubwa hutumika katika kutembea, kupumua na kuutia mwili joto, na kingine hutoka katika mavi. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila hatua hupita kama sehemu 1 katika 10, mara zaidi, mara pungufu. Ndiyo sababu Serengeti ina nyumbu zaidi ya 1,000,000, na simba elfu chache tu.

Kwa hiyo naona si busara kumlisha ng'ombe mahindi mema ya ghalani, hasa mwaka wa mvua haba. Debe lile watoto wako wakilila lenyewe, litawashibisha siku nyingi kuliko nyama itakayotokana nalo. Mpe majani, na mabua baada ya mavuno. Tumbo lake laweza kuvunja nyuzi zisizotufaa sisi, akatuletea maziwa kutoka katika kitu tusichoweza kula. (Kuku naye apewe makombo na mchwa kwanza, ndipo punje.)

Mavi yake usiyachome. Nguvu iliyosalia humo hulisha nyungunyungu na vijidudu vya udongo, navyo huiachia mimea chakula. Yafukie shambani kabla ya mvua, yasikaukie juani.