KUMBE KITENGE CHANGU NDICHO KILICHOZIBA TAA!

Wiki hii nusura ukurasa huu ubaki mtupu.

Nilikuwa Tabora, kwa shangazi pale Isevya. Jioni, giza linaanza kuingia, nikapanda bodaboda kwenda stesheni. Nimejitanda kitenge kwa ajili ya vumbi, ncha inapepea nyuma kama bendera. Dereva kijana wa watu, mwendo wa kistaarabu, "dada shikilia vizuri" nyingi.

Mbele wakakatiza mbuzi. Kijana akapunguza mwendo kwa gia tu, breki hakugusa. Mara, kriiii! Pikapu ikatubusu keria. Begi likaruka huku, mie nikatua mchangani. Bahati yangu, goti tu ndilo lililochubuka.

Watu hao wakajaa! Wote wanamshukia mwenye pikapu: "Anayegonga nyuma ndiye mwenye kosa!" Naye mzee wa watu anatetemeka: "Wanangu, sikuwaona."

Nikataka kumpa vidonge vyake, macho yakaangukia pikipiki. Lo! Kipande cha kitenge changu kimenasa kwenye taa ya nyuma, kimeiziba gubigubi. Tulipokitoa, taa inawaka vizuri tu. Nikanywea.

Hebu tupige hesabu. Gari la mwendo wa kilometa 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akishtuka baada ya sekunde mbili, zaidi ya mita 33 zimekwenda na breki hajakanyaga. Na wewe ukipunguza kwa gia, taa ya breki haiwaki. Atajuaje?

Tabora hii ndiyo njia panda ya misafara ya kale. Burton na Speke waliingia hapa mwaka 1857. Wakati ule kirangozi alitangulia mbele, na nyuma walikuwepo wasimamizi wa kuchunga wapagazi. Msafara ulikuwa na macho pande zote. Bodaboda je? Macho yake ya nyuma ni vioo, na washkaji wengine wanaving'oa eti vinaharibu mkao!

Kwa hiyo akina dada, kitenge, kanga na mtandio vikunjwe, viingie chini ya mapaja. Akina kaka, kiroba cha mkaa kisifunike taa. Dereva, kabla ya kupunguza, tupia jicho kioo, kisha gusagusa breki taa ipepese. Ukisimama, simama kushoto, gia iwe ndani, uache upenyo wa kuchoropoka.

Haki inaweza kuwa yako, sawa. Lakini kiuno kikishavunjika, haki hiyo utaikalia?

Yule mzee nilimwomba radhi, akacheka, akanipeleka stesheni kwa pikapu ileile. Safari hii nilikaa mbele!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.