Kufuli ni la imeili yako, ufunguo uko saiba

Toa simu kwanza. Ingia kwenye imeili yako, nenda hadi sehemu ya usalama, halafu uangalie namba ya simu iliyowekwa ya kukurudishia akaunti ukisahau nywila. Ni yako? Bado iko hewani? Ama ni ile laini iliyopotea pamoja na simu miaka miwili iliyopita?

Kama ulifunguliwa imeili katika saiba ya Kitengela, huenda namba hiyo haijawahi kuwa yako hata siku moja. Ni ya kijana wa saiba. Ulienda ukitaka PIN ya KRA, akakuuliza kama una imeili, ukasema huna. Akakufungulia moja kwa dakika tano. Ilipofika mahali pa kuweka namba ya simu, yako ilikuwa imezima na foleni ilikuwa ndefu, akaweka yake. Nywila akakuandikia nyuma ya risiti: jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Akainakili pia kwenye daftari lake, maana anajua utarudi ukiwa umesahau.

Mpaka hapo hakuna mwizi kwenye hadithi. Kijana alikuwa anakusaidia, na kwa bei ya chini. Shida inaanza siku utakayotaka kuingia mwenyewe.

Sema umeitwa kazi kwenye kiwanda cha EPZ pale Athi River, wanataka PIN ya KRA na cheti cha tabia njema kufikia kesho. Wewe uko Kajiado mjini kwa shughuli za nyumbani. Unaingia saiba ya huko, unaandika nywila, na ni sahihi kabisa. Lakini mfumo unaona kompyuta usiyowahi kuitumia, mahali usipowahi kuingilia, unasita. Unakwambia msimbo umetumwa kwenye namba ambayo tarakimu zake za mwisho huzitambui. Msimbo unalia kwenye simu ya mtu aliye Kitengela, kama bado yuko Kitengela. Nywila unayo, kitambulisho unacho, sura ni yako, na bado mlango haufunguki. Sasa tafuta nauli ya matatu, upite Isinya, ukamsake mtu ambaye labda aliacha ile kazi mwaka jana.

Na usidhani imeili siku hizi ni ya kutumiana barua tu. Ukisahau nywila ya iTax, njia ya kuipata tena inapitia kwa imeili uliyojisajili nayo. Maombi ya kazi, mikopo ya masomo, vyeti, yote yanaomba imeili. Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na mwelekeo tangu hapo ni mmoja: nenda mtandaoni. Anayeshika imeili yako ameshika sehemu kubwa ya maisha yako ya makaratasi.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Hebu fikiria ile imeili uliyofunguliwa kwa ajili ya PIN pekee, ukaitumia mara moja, ukasonga na maisha.

Je, kampuni hizi zinatuonea? Tuwe wakweli, hapana. Mwaka 2021 Google iliwawashia watu zaidi ya milioni 150 uthibitisho wa hatua mbili bila kungoja waombe. Mwaka uliofuata ikasema akaunti zilizodukuliwa miongoni mwao zilipungua kwa nusu. Hiyo si hesabu ndogo. Na hapa Kenya, ambapo jamaa anaweza kubadilishiwa laini yake na matapeli usiku na kuamka asubuhi akiwa hana kitu, anayesema "ondoeni masharti yote" hajui anachoomba.

Lakini masharti yana kipimo. Ukizidisha, watu hawawi salama zaidi. Wanatafuta panya route.

Mei 2000 kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilisambaa duniani kupitia imeili. Kilikuja kama kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi, na ukikifungua kinajituma kwa kila mtu aliye kwenye orodha yako. Microsoft ikajibu kwa kuifanya Outlook izuie kabisa aina fulani za viambatisho. Ulinzi ulikuwa wa maana, lakini watu walikuwa na kazi ya kufanya. Wakaanza kubadilisha majina ya faili, au kuyafungasha ndani ya faili jingine, ili mlinzi asiyatambue.

Mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba programu zake zitazuia makro, zile amri ndogo zinazojificha ndani ya faili za Word na Excel, iwapo faili limetoka kwenye intaneti. Malalamiko yakaja. Julai ikarudi nyuma kidogo, ikaboresha maelezo kwa watumiaji, kisha mwezi huo huo ikaendelea na mpango. Ukiona kampuni kubwa hivyo inapiga hatua mbele, nyuma, kisha mbele tena, ujue kupima usalama na urahisi si mchezo.

Hata ushauri wa kale kuhusu nywila umegeuka. Tulizoea kuambiwa tuibadilishe kila baada ya miezi kadhaa, tena iwe na herufi kubwa, namba na alama. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, iliacha kupendekeza hayo. Sababu ni rahisi: ukimlazimisha mtu kubadilisha kila mara, anaongeza namba moja mwishoni, ama anaiandika kwenye karatasi. Lile daftari la saiba ya Kitengela ndilo karatasi hiyo.

Kwa hivyo daftari lile ni jibu la watu kwa mfumo uliobuniwa ukidhani kila mtu ana simu yake mwenyewe, laini moja isiyobadilika, na kompyuta nyumbani. Wengi wetu tunaishi tofauti. Simu inaazimwa, inaibwa, inawekwa rehani. Laini ikikaa bila kutumika kwa muda mrefu, inauziwa mtu mwingine. Kompyuta ni ya kulipia kwa dakika.

Na inawezekana kubuni ulinzi unaoelewa hali ya watu. Tazama M-Pesa. Ukituma pesa unaonyeshwa jina la mpokeaji, na ukiona si yeye una nafasi ya kusitisha. Hukuongezewa nywila ya pili wala safari ya kwenda popote. Umeulizwa swali moja ambalo wewe unaweza kulijibu na mashine haiwezi: huyu ndiye?

Serikali ingeanzia hapo. Mtu akifika kwenye kaunta ya Huduma Centre na kitambulisho chake, akathibitishwa kuwa ni yeye, hiyo itoshe kumbadilishia imeili kwenye huduma zake zote za serikali, palepale, kwa siku moja. Haifai uso wa mtu uwe na nguvu kidogo kuliko laini iliyopotea.

Nao vijana wa saiba, ambao kwa kweli ndio ofisi ya kwanza ya serikali mtaani, wafuate kanuni mbili. Simu ya mteja ikizima, ichajiwe kwanza, isiwekwe namba nyingine. Nywila aiandike mteja mwenyewe, wewe ukitazama pembeni.

Nawe usingoje wao. Weka namba yako leo, kwa sababu ukibadilisha, Google inaweza kuendelea kutuma misimbo kwa ile ya zamani kwa siku 7. Hii si kazi ya asubuhi ya mahojiano. Ukitumia Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe kiholela. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili na uombe misimbo ya akiba. Utapewa 10, ya tarakimu 8 kila mmoja, na kila mmoja unatumika mara moja. Haihitaji laini wala netiweki, hivyo itakufaa hata ukiwa Magadi simu ikiwa imeisha chaji. Inakili kwa mkono na uihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, usiache faili kwenye kompyuta ya saiba.

Halafu mpitie yule kijana wa saiba, umsalimie vizuri, umwombe ukurasa wenye jina lako aurarue mbele yako. Ila badilisha nywila kwanza.