Kusinzia na Kulala



Majuzi niliitwa Kericho na jamaa zetu kugawa mirathi. Usiku nikaketi kuandika mafungu ya warithi katika kipakatalishi changu, chenye mfumo huria wa Linux. Radi ikanguruma juu ya mashamba ya chai, umeme ukakatika. Nikaendelea kwa betri hadi usingizi uliponizidi. Nikafunga kifuniko bila kuhifadhi nilichoandika. Asubuhi mashine ilikuwa imezimika, na hesabu yote imepotea. Mjane na wanawe walikwisha kuketi wakinisubiri.

Kijana wa nyumba ile akanieleza kwa adabu: "Sheikh, mashine yako ilisinzia tu, haikulala."

Maana yake ni hii. Ufungapo kifuniko, kwa kawaida Linux huzima kioo na kusimamisha shughuli, lakini kazi yako hubaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo haishiki kitu bila umeme. Betri ikiisha, kazi imekwenda. Kulala hasa ni mashine kuandika yote kwenye diski, kisha ikajizima kabisa. Lakini katika Ubuntu, kwa mfano, njia hiyo haiji ikiwa imewashwa, na si kila mashine huamka salama. Basi atakayeiwasha aijaribu mchana kabla ya kuitegemea usiku.

Betri nayo huzeeka. Programu iitwayo upower huonyesha ujazo wake wa leo kando ya ujazo wa kiwandani. Yangu ilikuwa imebakisha chini ya nusu, nami sikuwahi kutazama. Joto huichosha, na kukaa imejaa daima huichosha pia. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuangalia. Baadhi ya vipakatalishi hukubali kuwekewa kikomo cha kuchaji, kama asilimia 80. Na radi ya Kericho haina mzaha: wingu likitanda, chomoa chaja ukutani.

Nilikokotoa upya kwa kalamu hadi adhuhuri. Mjane hakunilaumu. "Si kitu, Sheikh," aliniambia. Lakini mimi najua kwamba haki ya mayatima ilicheleweshwa na uzembe wangu, na siku hizi sifungi kifuniko kabla ya kuhifadhi.

Wabillahi tawfiq.