Hori ya Mida yaniumbua mbele ya mwanangu

“Mama, wajua kuogelea?”

Aliyeniuliza ni kijana wa Kigiriama aliyekuwa akinikaza mikanda ya jaketi la kuelea, kwenye ufuo wa hori ya Mida, kusini mwa Watamu. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa ubavuni pangu, masikio wazi. Nikajibu, “Kidogo.”

Msomaji, huo ulikuwa uongo mtupu. Mimi ni mzaliwa wa Nairobi, na maji niliyoyazoea ni ya karai.

Tulikwenda kupiga kafi katika kayaki, kile chombo chembamba ambacho Wainuiti wa nchi za barafu walikiunda kwa kuwamba ngozi za sili, wapate kuwinda. Chetu kilikuwa cha plastiki, viti viwili, mtoto mbele na mzazi nyuma. Kafi lake lina bapa huku na huku: unachota kushoto, unachota kulia. Mwanzoni tulizunguka kama pia. Nilikuwa nikivuta kwa mikono peke yake, kumbe nguvu hutoka kiunoni.

Baadaye tukanyooka, na kwa kweli hatukuwa na la kujisifia. Maji yalikuwa yakijaa na ndiyo yaliyotusukuma. Hori ni ulimi wa bahari uliopenya nchi kavu. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kina yaweza kupita mita 3.

Tukaingia kwenye mikoko. Kimya! Mwanangu akanionyesha mizizi ya mchu iliyochomoza topeni kama penseli elfu moja. Kijana akamweleza kwamba mti hupumua kwa mizizi hiyo, kwa kuwa tope halina hewa. Kaa nao wakawa wanachungulia mashimoni. Nani angetaka kuondoka?

Maji yalipoanza kupwa, kijana akatupa dakika kumi. Mimi, mtu mzima, ndiye niliyebembeleza hadi zikawa ishirini na tano. Tulipogeuza, kayaki ikakwama.

“Shukeni tuisukume,” akasema.

Mwanangu akaruka. Mimi nikashikilia kiti kwa mikono miwili, na maneno yakanitoka yenyewe: “Sijui kuogelea!”

Maji yalikuwa ya magoti. Nilidhani kijana angecheka, lakini hakucheka.

“Mama, hapa ni tope tu. Lakini tulipokuja niliwapitisha kwenye mkondo wenye kina. Ungeniambia mapema ningewapitisha kando kando.”

Nikashuka. Tope likanimeza kiatu kimoja, nacho kiko huko hadi leo. Wakati wa kurudi alitufunga kamba nyuma ya kayaki yake na kutuvuta kandokando ya mikoko, huku maji yakikimbilia baharini. Mabega yake yalikuwa yakifanya kazi ya watu watatu kwa sababu ya neno langu moja.

Ukienda, basi, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, vaa viatu vya kufunga kamba, na mwambie mwenyeji wako ukweli.

“Mama,” mwanangu akauliza tukiwa ndani ya matatu, “hiyo ‘kidogo’ ilikuwa kiasi gani?”

Jumamosi tunaanza masomo ya kuogelea, sote wawili. Mwalimu amesema yeye ataanzia kidimbwi cha watu wazima, mimi cha watoto.