Enzi Ile Irudi na Wasichana Wangapi?

Wenzangu hapa Kigali hutazama upya Primus Guma Guma Super Star kwenye YouTube, kisha husema: "Enzi zile ndizo zilikuwa za muziki!" Nakataa. Shindano lilifanyika mara 8, tangu 2011 hadi 2018. Tom Close alifungua, Bruce Melodie akafunga. Katikati yao alishinda mwanamke mmoja tu: Knowless, mwaka 2015. Mtasema mashabiki ndio waliochagua. Walichagua miongoni mwa waliopandishwa jukwaani, na wengi wao walikuwa wanaume. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tutazame, tucheze, lakini tuhesabu pia. Anayetaka enzi ile irudi atueleze kwanza: irudi na wasichana wangapi?