UCHAMBUZI: Waliomjaza Johnson kura ndio waliomfungisha virago

LYNDON Johnson alizoa asilimia 61 ya kura za urais nchini Marekani mnamo Novemba 1964. Alitwaa majimbo 44, huku mpinzani wake wa Republican, Barry Goldwater, akiambulia sita tu. Miaka mitatu na ushei baadaye, Machi 31, 1968, rais huyohuyo alitangaza kwenye runinga kuwa hangewania tena.

Wengi hueleza anguko hilo kwa neno moja: Vietnam. Ni kweli, ila ufa ulikuwa umeanza kuonekana hata kabla ya kura hizo za 1964 kupigwa.

Agosti mwaka huo, wajumbe wa Democratic walikutana Atlantic City. Ujumbe rasmi wa Mississippi ulikuwa wa wazungu watupu, kwani Wamarekani weusi wa jimbo hilo walizuiwa kwa vitisho na hila kujisajili kama wapiga kura. Basi chama cha Mississippi Freedom Democratic Party kikatuma ujumbe wake na kudai viti hivyo. Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya pamba, aliieleza kamati jinsi alivyotimuliwa shambani kwa kosa la kujaribu kujisajili, na alivyopigwa akiwa korokoroni.

Johnson aliitisha kikao cha ghafla na wanahabari ili kamera zimwache mama huyo. Mbinu hiyo iliingia nyongo, kwani vituo vya runinga vilipeperusha ushahidi wake jioni. Wakuu wa chama wakawapa wageni hao viti viwili, nao wakavikataa.

Hofu ya Johnson ilikuwa kuwapoteza wazungu wa Kusini. Aliwapoteza vilevile: Mississippi ilimpa Goldwater asilimia 87. Vijana waliorejea kutoka Atlantic City mikono mitupu hawakukisahau kitendo hicho. Wawili miongoni mwa viongozi wa shirika la wanafunzi la SNCC, John Lewis na Donald Harris, walizuru Afrika miezi michache baadaye, na ni hapa Nairobi walikokutana na Malcolm X.

Hata hivyo, tusimnyime Johnson haki yake. Polisi walipowacharaza waandamanaji mjini Selma, Alabama, Machi 7, 1965, aliitumia ghadhabu ya umma kulisukuma Bunge, na Agosti 6 akatia sahihi Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kwa muda huo mfupi, barabara na Ikulu zilivuta kamba upande mmoja.

Lakini mwaka huohuo alipeleka vikosi vya mapigano Vietnam. Kufikia 1968, wanajeshi wa Marekani huko walipita 500,000. Martin Luther King alivipinga vita hivyo hadharani Aprili 4, 1967, na urafiki wake na Ikulu ukaisha. Machi 1968, Seneta Eugene McCarthy, aliyepinga vita, alipata asilimia 42 katika mchujo wa New Hampshire dhidi ya 49 za rais, ambaye jina lake, kusema kweli, halikuwa hata limechapishwa kwenye karatasi ya kura.

Waandamanaji walidhani wameshinda. Kilichofuata kilikuwa kuuawa kwa King mwezi Aprili na Robert Kennedy mwezi Juni, kisha virungu vya polisi wa Meya Richard Daley mjini Chicago mwezi Agosti. Watazamaji wengi wa runinga waliwaunga mkono polisi, si vijana waliovuja damu. Hili ndilo wanaharakati wa wakati ule hawakulipima.

Novemba, Richard Nixon alishinda kwa asilimia 43.4 dhidi ya 42.7 za Hubert Humphrey. George Wallace, mtetezi wa ubaguzi, alipata zaidi ya 13.

Wanajeshi wa mwisho wa mapigano wa Marekani waliondoka Vietnam Machi 1973. Johnson alikuwa amefariki miezi miwili awali.