Wanafunzi wa sanaa wapimwe kwa wazo, si kwa urembo tu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo ilinijia akilini majuzi nilipoalikwa katika shule moja karibu na Malaba kutazama kazi za wanafunzi wa Sanaa na Usanifu. Walikuwa wametakiwa kubuni bango la kuwakinga watoto dhidi ya ajali za barabarani. Yeyote aujuaye mji huo atakubali kuwa mada ilichaguliwa kwa busara. Malori yatokayo Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupanga foleni hapo, na watoto hupenya katikati yake wakienda shule.

Bango lililosifiwa zaidi lilikuwa limechapishwa kwa kompyuta. Herufi zake zilimetameta, na maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Nilipolisogelea niligundua kuwa magari katika picha hiyo, ambayo bila shaka ilitolewa kwenye intaneti, yalikuwa yakipita upande wa kulia. Hapa Kenya, sawa na Uganda, magari hupita kushoto. Mtoto atakayelifuata bango hilo atatazama kushoto kwanza, ilhali lori la kwanza kumfikia litatokea kulia!

Kando yake palikuwa na bango jingine, lililochorwa kwa mkono kwa rangi mbili tu. Lilionyesha kioo cha pembeni cha lori, na ndani ya kioo, barabara tupu. Chini, karibu na gurudumu, alisimama mtoto aliyevaa sare. Halikuwa na neno hata moja. Nilipomwuliza msichana aliyelichora sababu yake, alinijibu: "Mwalimu, madereva wapitao hapa hawana lugha moja. Lakini kila mmoja wao ana kioo."

Msichana huyo alipata alama za chini kwa kuwa mistari yake haikunyooka. Mistari na rangi hupimika kwa urahisi. Wazo halionekani hadi mwenyewe aulizwe.

Ajabu ni kuwa mpaka huu ulikwisha kutufunza somo hili zamani. Katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli wa Busia waliwaona wasafiri wakitaabika na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Wakafunga mto juu ya keria, wakaita abiria: "Boda, boda!", yaani mpakani. Hawakuanza kwa kujiuliza baiskeli ipendeze vipi, bali ni nani anayetaabika na anahitaji nini. Leo jina bodaboda latajwa Afrika Mashariki nzima.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya masomo katika sekondari ya juu. Hiyo ni heshima kubwa, lakini itakuwa bure iwapo tutawazawadia wanakili na kuwavunja moyo wabunifu.

Napendekeza, basi, kila mwanafunzi aambatanishe mchoro wake na ukurasa mmoja wa maelezo: bango ni la nani, litabandikwa wapi, na kwa nini amechagua rangi hizo. Aonyeshe pia michoro aliyoikataa njiani. Kisha alipeleke bango sokoni, amwonyeshe mama mwuza omena bila kutamka neno, na asikilize atakavyolieleza. Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Hata shule isiyo na umeme yaweza kuianza kesho.

Nanyi wanafunzi, msione haya kwa penseli zenu fupi. Bango la msichana yule likibandikwa kando ya barabara ya Malaba, huenda dereva mmoja akashuka kutazama kando ya magurudumu kabla ya kuling'oa lori lake. Je, ni alama gani ya mtihani ipitayo hiyo?